Magitaa ya Dada Tusekile

Kabla gitaa la kwanza halijalia, palikuwa na mchakacho wa sindano ikitafuta njia yake kwenye sahani, mlio kama wa bisi zinazoanza kupasuka chunguni, halafu kimya kifupi, halafu radi. Sina namna nyingine ya kuieleza. Gitaa lilikuwa limekwaruzwa mpaka halikuwa tena gitaa, lilikuwa msumeno wa kupasulia mbao, na nyuma yake ngoma zilikuja kwa kishindo kama lori lililobeba mapipa matupu likishuka mlima. Ilikuwa sahani ya santuri, ile kubwa yenye nyimbo nyingi pande zote mbili, ya bendi ya vijana wa Zambia ambao hatukuwahi kuwaona isipokuwa kwenye jalada. Hapo walisimama juu ya kifusi cha mgodi, nywele zimetimka, suruali zimepanuka chini, hakuna hata mmoja anayecheka. Niliisikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu Mbeya, katikati ya miaka ya sabini, katika kipupwe ambacho asubuhi tulikuta maji ya kwenye ndoo yameweka utando wa barafu. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Sasa ni mwalimu mstaafu, nina wajukuu, na sahani ile imerudi kwangu kwa njia ambayo sikuitarajia. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nyumba yetu ilikuwa pembezoni mwa mji, chini ya mlima Loleza, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye jiko la nje lililojaa masizi. Baba alikuwa fundi wa springi za malori katika gereji moja kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na jioni alirudi ananuka grisi na chuma kilichotoka motoni. Mama alilima viazi na njegere kwenye mteremko, akauza sokoni. Tulikuwa watoto wawili tu, mimi Atupele na dada yangu Tusekile, aliyenizidi miaka saba, na ambaye jina lake kwa Kinyakyusa lina maana kwamba tumefurahi. Ndani ya nyumba lugha zilichanganyika bila mpaka: Kinyakyusa cha wazazi, Kiswahili cha shule, na Kisafwa cha majirani tulichokiokota kwenye michezo. Mama alikuwa na sauti nyembamba, ya juu, ambayo yeye mwenyewe hakuiona kuwa kitu cha maana. Aliimba akimenya njegere, akisugua masufuria, akinisuka nywele. Aliimba nyimbo za kanisani na nyingine za kwao Rungwe ambazo sijazisikia tena kwa mtu mwingine. Tusekile aliirithi sauti ile, ila yake ilikuwa na nguvu zaidi, na kwenye kwaya ya vijana ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alipofungua kinywa, akina mama waliokuwa wakibembeleza watoto kwenye mabenchi ya nyuma waliacha kubembeleza.

Mwaka ule, katikati ya mvua, akaanza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa mafua tu, akapewa chai ya tangawizi na kufunikwa blanketi. Kisha shuka zake zikawa zinalowa jasho, mifupa ya mabega ikachomoza, na siku moja akitoka kwenye mazoezi ya kwaya akatema damu kwenye majani ya kando ya njia. Nilikuwa naye. Aliifukia kwa mguu, akaniambia nisimwambie mama, lakini mama alikwisha kuona kwenye leso. Hospitali wakasema ni kifua kikuu. Alilazwa kwa muda, na aliporuhusiwa ikawa lazima aende kila siku kuchomwa sindano, mwezi baada ya mwezi, akitembea na mama kutoka nyumbani mpaka hospitali na kurudi. Sahani yake ya chakula ikawekwa peke yake, na kikombe chake kikafungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Mimi nikahamishiwa sebuleni kwenye mkeka. Majirani waliokuwa wakiingia bila kubisha hodi wakawa wanasalimia kutoka barazani. Hata hivyo dawa ilifanya kazi. Kikohozi kilipungua, mashavu yakajaa, na baba akaanza tena kupiga mluzi anapovua buti zake mlangoni.

Furaha ile haikudumu. Tusekile alianza kulalamika kwamba kuna nyenje kichwani mwake, nyenje wasionyamaza mchana wala jioni. Kisha akawa anayumba. Alitembea akigusa ukuta, na akikosa ukuta aligusa bega langu, na akina mama wa mtaani wakanong'onezana kwamba binti wa fundi springi ameanza kunywa pombe, masikini, ndiyo ugonjwa unavyoharibu watu. Tukiwa jikoni siku moja, mama alikuwa akimenya njegere na kuimba kama kawaida, na Tusekile alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha magoti yao kugusana. Akamtazama mama mdomoni, akamtazama sana, halafu akauliza kwa upole, "Mama, mbona siku hizi unaimba kimoyomoyo?" Mama akakatiza wimbo. Alikuwa akiimba kwa sauti ile ile ya siku zote. Mimi nilikuwa nimeisikia vizuri kutoka mlangoni.

Kesho yake mama alinichukua twende wote hospitali, nimshike dada mkono wakati yeye amebeba kikapu. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kope nzito kama mtu asiyelala vya kutosha. Alimpima Tusekile kwa kumwita jina akiwa amesimama nyuma yake, mara kwa sauti ya kawaida, mara kwa kunong'ona, akamgongea uma wa chuma karibu na sikio. Kisha akamwomba mama wakae. Nakumbuka kwamba hakuzungusha maneno.

"Mama Tusekile," alisema, "sindano hizi ndizo zinazomponya mwanao kifua. Na ndizo zinazomharibu masikio. Si kwa kila mtu, lakini kwake imekuwa hivyo. Sauti nyembamba zimeanza kuondoka. Zikishaondoka hazirudi."

"Hakuna dawa nyingine?"

"Hapa sina. Ningekuwa nayo ningempa leo."

Mama alikunja khanga yake mapajani, akaikunjua. "Tukiziacha?"

"Kifua kitarudi, na kikirudi kitakuja na nguvu zaidi. Sitakudanganya. Utamzika."

Tusekile alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, akimtazama mmoja na kisha mwingine, akijaribu kukamata maneno yanavyopita. Baba alikuwa kazini. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mama akamgeukia binti yake, akamtengeneza kola ya sweta, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na bila kumwangalia daktari akasema, "Endelea kumchoma." Nimekuwa mama tangu wakati ule, na nimekaa mbele ya madaktari wengi, lakini sijawahi kusikia mtu akisema maneno mazito kuliko yale mawili. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono watatu.

Ni katika majuma yaliyofuata ndipo Mjomba Gwakisa alipofika. Alikuwa mdogo wake mama, dereva wa lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na miji ya migodi ya Zambia, na kila alipopita Mbeya alilala kwetu na kutuachia kitu: mche wa sabuni, chumvi, blanketi. Safari hiyo alishusha gramafoni ya betri, boksi la mbao lililovikwa plastiki nyekundu, mfuniko wake ukiwa ndio spika, na sahani moja tu. Alisema huko alikotoka vijana wamechanganyikiwa na muziki ule, kila baa, kila kona. Mama alitaka kujua kama hakupata za kwaya. Mjomba akacheka, akasema aliyemuuzia hakuwa na sura ya mtu wa kwaya. Akaiweka juu ya meza, akageuza kitufe cha sauti mpaka mwisho ili tuone nguvu yake.

Tusekile alikuwa ametupa mgongo, akipanga vikombe kwenye kabati. Gitaa lilipolipuka mimi niliziba masikio. Yeye alishusha kikombe taratibu, akageuka. Uso wake siwezi kuusahau: ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali ambapo hakudhani kuna anayemfahamu. Akaja mpaka kwenye meza akishika viti, akainama juu ya boksi, na meno yake yakaonekana yote. "Nasikia," alisema. "Mjomba, nasikia. Hiyo ni ngoma. Na hilo ni gitaa kubwa, lile la chini." Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alitazama, akaliweka beseni chini, akaenda nje, na tulipomfuata tulimkuta nyuma ya jiko amejifunika uso kwa upande wa khanga.

Mjomba aliacha gramafoni na sahani, akaenda zake na lori. Kuanzia hapo kipupwe chote kile kilikuwa cha magitaa. Tusekile akirudi kuchomwa sindano alikunywa uji, akatandika mkeka karibu na meza, nami nikafungua boksi. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo mchana tulizianika juani juu ya bati la banda la kuku, na zikichoka kabisa tuliziweka karibu na mafiga zipate joto, kisha zikaimba kidogo tena. Tulijifunza kila wimbo kama watu wanavyojifunza njia ya kwenda kisimani. Wa kwanza ulikuwa wa mbio, wa pili wa hasira, wa tatu ulianza polepole kwa gitaa la chini peke yake kama mtu anayekokota gogo, ukatulia kabisa katikati, kisha ngoma zikaingia upya na kuvunja kila kitu. Huo wa tatu ndio alioupenda kuliko zote. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na lugha nyingine ya kwao, hatukuyaelewa, na wala hatukuyahitaji. Alicheza ameshika fremu ya mlango, kwa sababu bila kushika kitu angeanguka, akitikisa kichwa mpaka kilemba kinadondoka. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akicheza. Watoto wa kwaya ya kwetu hawakucheza hivyo.

Mtaa haukufurahi. Baba mwenyewe mwanzoni alisema hizo ni kelele za wahuni, kwamba anashinda na nyundo kutwa nzima na hataki kuzikuta tena nyumbani. Kisha mzee mmoja wa kanisa alikuja kutuona, akiwa amevaa koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa siku ya kazi. Alikaa barazani, akapewa chai, akaulizia mashamba. Ndipo akasema waumini wanasikitika kwamba nyumba iliyotoa mwanzilishi wa nyimbo sasa inatoa muziki wa kishetani, na kwamba mgonjwa anahitaji maombi zaidi kuliko fujo. Baba aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni mama, naye hakupandisha sauti.

"Mzee, mimi nikimwimbia hanisikii," alisema. "Nyinyi mkija kumwombea hazisikii sauti zenu. Hawa anawasikia. Sasa unataka niwazime?"

Mzee alikaa na kikombe mkononi. Baada ya kunywa chai yake aliomba aruhusiwe kumwona mtoto. Aliingia ndani, akasimama karibu na mkeka wakati sahani ikizunguka, mtu mzima na koti lake, akivumilia wimbo mzima mpaka ukaisha. Alipotoka alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ndaga, mama," asante, akaondoka. Hatukusikia lalamiko tena kutoka kanisani. Na baba tangu siku hiyo aliacha kusikiliza taarifa ya habari. Sikuelewa kwa nini, mpaka nilipoigeuza redio yake na kukuta tumbo lake tupu. Betri zake zilikuwa zimehamia kwenye boksi jekundu, na hakuwa amemwambia mtu.

Nyimbo zilipungua moja moja, ingawa zilikuwa pale pale. Kwanza Tusekile alisema mwimbaji ameanza kupotea. Kisha akasema gitaa lile la msumeno limekuwa hafifu, labda sindano imechakaa, tukabadilisha sindano. Baadaye akawa anasikia ngoma na gitaa la chini tu, na alizisikia akiwa amelaza shavu juu ya mfuniko, macho amefumba, na ikawa kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtu mwingine. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza. Nilikwepa kumtazama usoni wakati ule, kwa sababu mtoto wa miaka tisa anajua mengi kuliko anavyoweza kuyabeba.

Ilikuwa alasiri, jua limeanza kupoa, baba amerudi mapema kwa sababu gereji haikuwa na vipuri. Niliweka sahani upande wa wimbo wa tatu. Betri zilikuwa mpya, Mjomba alizipitisha siku hiyo hiyo. Wimbo ukaanza, ukakokota gogo lake, ukatulia, ngoma zikavunja, na madirisha yakatetemeka kwenye fremu zake. Tusekile alikuwa amekaa wima kwenye kiti, akisubiri. Akasubiri. Kisha akanigeukia, bila huzuni yoyote usoni, kama mtu anayeomba chumvi, akasema, "Atu, betri zimekwisha."

Muziki ulikuwa umejaa chumba kizima. Baba alikuwa mlangoni na buti moja mkononi. Aliingia na soksi upande mmoja, akanyanyua mkono wa gramafoni kutoka kwenye sahani, na kimya kikaingia. Akapiga magoti mbele ya kiti cha binti yake ili auone mdomo wake vizuri. "Ndiyo, mwanangu," alisema polepole. "Zimekwisha. Nitatafuta nyingine." Lakini Tusekile alikuwa hamtazami mdomo. Alikuwa anatazama sahani, iliyokuwa bado inazunguka kwa kasi yake ile ile chini ya mwanga wa dirisha. Aliitazama mpaka baba alipokumbuka kuizima. Kisha akamwekea baba mkono kichwani, kama mkubwa anavyomfanyia mdogo, na baba yangu, aliyekunja vyuma kwa nyundo, akalia kwa sauti ambayo Tusekile peke yake mle ndani hakuisikia.

Alipona. Lazima niliseme hilo, kwa sababu ndilo tulilolipia. Sindano zilifika mwisho, picha ya kifua ikaonyesha kovu tu, kikombe chake kikafunguliwa uzi mwekundu. Lakini mama hakuimba tena ndani ya nyumba. Hakutangaza, aliacha tu. Nadhani hakutaka Tusekile aone mdomo wake unafunguka na kufungika. Labda aliimba shambani, kule juu kwenye njegere, sijui, sikuwahi kumfuata kusikiliza. Tusekile alijifunza kusoma midomo yetu, akajifunza kufuma masweta kwa mashine, na baada ya miaka akaolewa na fundi cherehani wa Kihehe, mtu mtaratibu, akahamia Iringa. Mama alifariki kwanza, baba akafuata. Gramafoni ilikufa, sahani ikapindishwa na jua pale dirishani ikawa kama bakuli, na sikumbuki hata ilitupwa lini. Niliipenda sahani ile utoto wangu wote, niliikariri, lakini kwa miaka mingi sikutaka hata kuitaja.

Aliyeirudisha ni mwanangu Lusajo. Yeye anapenda muziki ule wa magitaa makali anaouita metali, na amekuwa akinichosha nao tangu alipokuwa sekondari, hajui kwamba mama yake alikua na wa namna hiyo kabla wa kwake haujazaliwa. Siku moja alikuwa akinionyesha kwenye simu jinsi watu wa nchi za mbali wanavyozitafuta sahani za zamani za Zambia, wanazisafisha, wanazichapa upya. Nikaona jalada. Vijana wale wale, kifusi kile kile. Nilimwambia aniache nayo peke yangu. Akanivika vile vya masikioni, akatoka.

Hapakuwa na mchakacho. Wimbo ulianza bila kunionya. Kila kitu kilikuwa safi, kila ala imekaa mahali pake, na niligundua kwamba sikuwahi kuisikia sahani ile sawasawa: boksi letu lilikuwa dogo na bovu, na mimi wakati wote nilikuwa nasikiliza kwa masikio ya dada yangu, nikifuata ngoma na gitaa la chini kwa sababu ndizo alizonionyesha kwa kidole. Kumbe vijana wale walikuwa na vitu vingi juu ya pale. Kulikuwa na njuga. Kulikuwa na sauti za kuitikia, nyembamba, nzuri, karibu za kanisani. Na katikati ya wimbo wa tatu, pale ulipotulia, hapakuwa kimya kama nilivyokumbuka. Palikuwa na kinanda kinacholia juu sana, peke yake, kama mtoto anayeimba akidhani hakuna anayemsikia. Nilirudia mahali pale mpaka Lusajo akaja kuuliza kama naumwa.

Nikapanda basi kwenda Iringa. Tulipita Igawa, wauza vitunguu wakigonga vioo, tukapita Makambako, na Nyololo kulikuwa na ukungu uliokaa juu ya misonobari kama ilivyokuwa zamani. Abiria karibu wote walikuwa na simu masikioni, kila mmoja na muziki wake. Tusekile alinipokea nyumbani kwake akiwa na futi ya kupimia shingoni. Bado anafumia shule za pale masweta, na wajukuu wake wanamzunguka wakimgusa kiwiko kila wanapotaka kusema naye. Tulikunywa chai. Nikamwonyesha jalada kwenye simu. Alilitazama muda mrefu, akamgusa mmoja wa wale vijana kwa ukucha.

"Ninayo yote," alisema, kwa sauti yake ile bapa isiyo na kupanda wala kushuka. "Tangu siku ile. Inaanza yenyewe, hata nikiwa sokoni."

Nikawasha wimbo wa tatu, nikaelekeza simu kwangu asiione, nikamwambia kwa midomo: wa tatu, sasa. Akaanza kugonga meza kwa kiganja. Walikwenda pamoja, yeye na wale vijana, hatua kwa hatua. Wimbo ulipotulia akaacha kugonga. Kinanda kikaanza kulia kule juu, na dada yangu akakaa na kiganja hewani, akingojea, akiwa na subira kamili, kwa sababu kwake pale pamekuwa kimya tangu mwanzo. Ngoma ziliporudi, kiganja kikashuka nazo pale pale. Sikumwambia habari za kinanda. Sikujua ningemwambiaje.

Baadaye, akikunja uzi, aliniuliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekiweka kwa miaka mingi.

"Atu, kwa nini hii ndiyo iliyobaki? Nyimbo zangu za kwaya zimekwenda. Mama ndiye namtafuta zaidi. Namwona amekaa jikoni, namwona anafungua mdomo, lakini linatoka gitaa." Akaninyooshea uso ili asikose neno. "Sauti yake ilikuwaje?"

"Nyembamba," nikasema.

"Hilo najua. Ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo nimwimbie mmoja wa nyimbo zake za Rungwe, aone angalau umbo lake. Maneno yalikuja. Nikatafuta sauti ya kuyavika, nikaona nimeshika ya kwangu, ya mwalimu aliyezoea kupigia darasa kelele. Nikajaribu tena. Nikamtafuta mama jikoni, kwenye mkeka, vidole vyake kwenye nywele zangu. Vidole vilikuwepo, harufu ya njegere mbichi ilikuwepo. Vijana wa Zambia, ambao hatukuwa ndugu zao, wamesafishwa na kuhifadhiwa, na mtu yeyote anaweza kuwaita kwa kidole gumba akiwa ndani ya basi. Aliyesema endelea kumchoma hakuna aliyemrekodi. Kwetu hapakuwa na kinasa sauti, na kama kingekuwepo, yeye mwenyewe angeuliza cha nini.

Dada alikuwa ananitazama mdomo, na mdomo wangu ulikuwa umesimama. Alielewa kabla sijatikisa kichwa.

"Kumbe na wewe humsikii," alisema. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, tukakaa hivyo, na wajukuu wake walikuja mmoja baada ya mwingine kumgusa kiwiko, asigeuke.